Nimemsikilizisha mama hadithi ya nguva ya Andersen kwenye simu, nyumba nzima imekosa usingizi

#1 FundiCherehani

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi cherehani. Msimu huu wa sare za shule nakaa kwenye mashine mpaka saa 7 usiku. Kushona mikono inajua yenyewe, masikio ndiyo yanabaki hayana kazi. Zamani nilikuwa naweka redio, lakini usiku ule ni mahubiri na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Mdogo wangu akanionyesha LibriVox. Kwa wasioijua, ilianzishwa mwaka 2005 na watu wanaojitolea: wanachukua vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha, wanasoma kwa sauti na kuviweka bure. Hujisajili, hulipi. Ukibonyeza tu, msomaji anakutajia kwanza kwamba hii ni rekodi yao na ni mali ya umma, kisha anaingia kwenye kitabu.

Nimesikiliza vingi kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Wasomaji wengi hawana haraka, kwa hiyo nashika. Juzi nikashusha hadithi ya binti wa baharini ya Hans Christian Andersen, mwandishi wa zamani wa Denmark, ile iliyotengenezewa katuni mwaka 1989. Nikajua naijua. Kumbe sijui kitu.

Hapa nyumbani nipo na mama yangu, katoka Pangani kuja kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. La kulia limeshafanyiwa, la kushoto bado, anavaa miwani myeusi muda wote. Na nina binti yangu wa miaka 7, tumwite Z. Umeme ukakatika saa 2. Mashine ikanyamaza, tukatandika mkeka. Nikaitumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti ikue, nikawa nasikiliza dakika mbili tatu, nasimamisha, nawafasiria.

Shida ya kwanza ikaja mapema. Mama kila nikisimama anaitika "naam". Ndivyo alivyolelewa, hadithi bila kuitikia kwake ni kama kula umenuniwa. Nikiachia simu iendelee, yule msomaji hasubiri. Mama akaniambia, "Huyu mtu wako hana adabu. Hata haulizi kama tupo."

Hadithi inaanza mbali baharini, maji ya bluu na kina kirefu hadi nanga haifiki, uipange minara ya kanisa mmoja juu ya mwenzake mingi tu ndiyo utoke chini uguse juu. Mama akauliza, "Minazi je? Minazi mingapi?" Ikabidi nibadilishe, nikasema minazi mia. Andersen anisamehe.

Kuna mahali bibi yake yule binti anampamba siku anayotimiza miaka 15, siku ya kuruhusiwa kupanda juu kuona dunia. Anambana chaza 8 kwenye mkia waonyeshe ni mtoto wa mfalme. Bibi mwenyewe kabana 12. Binti analalamika zinauma, bibi anamwambia ukubwa una maumivu yake. Hapo mama alicheka mpaka akavua miwani. Akasema usiku wa kuamkia harusi yake alisukwa na shangazi hadi macho yakakaa kama ya Mchina, na maneno aliyoambiwa ni hayohayo.

Baada ya hapo kicheko kikaisha. Binti anamwokoa mwana wa mfalme baharini, anampenda, anaenda kwa mchawi kutafuta miguu. Mchawi anamkata ulimi kama malipo. Anapewa miguu lakini kila hatua ni kama anakanyaga visu. Mwana wa mfalme anampenda kama unavyompenda mtoto wa kuokota, anamlaza kwenye mto wa mahameli mlangoni kwake. Halafu anaoa binti wa ufalme wa jirani, akiamini ndiye aliyemwokoa baharini. Dada zake wanauza nywele zao kwa mchawi wapate kisu: amchome bwana harusi moyoni kabla jua halijatoka, arudie mkia wake. Mama, mtu mzima wa miaka 70 na ushee, alinishika mkono akasema "Amchome." Z naye anasema asimchome. Binti kakitupa kisu baharini, maji yakawa mekundu pale kilipoangukia, naye akajirusha akawa povu.

Z akalia. "Mama wamekosea, peleka mbele." Anajua katuni, anangoja harusi. Nikapeleka mbele. Hakuna harusi. Anageuka binti wa hewa, atumikie miaka 300 apate roho isiyokufa. Kila akiona mtoto mwema anayewafurahisha wazazi wake anapunguziwa mwaka, kila akimlilia mtoto mtukutu anaongezewa siku.

Kimya. Kisha Z, kwa sauti ya chini kabisa: "Leo nilivyomficha Bibi miwani, nimemuongezea siku ngapi?"

Hajalala mpaka saa 5. Naomba maoni. Nimekosea kumsikilizisha? Na je, kuna aliyewahi kurekodi hadithi kama hii kwa Kiswahili? Mama anataka isomwe na mtu mwenye adabu.

#2 KajambaNani

Natia kambi. Inakula MB ngapi hiyo? Bando la wiki limebaki kama roho ya kuku.

#3 FundiCherehani

Ndogo sana mkuu. Kuna faili za kbps 64, saa nzima ni kama MB 29. Za 128 ni mara mbili yake. Hadithi yenyewe ni kama saa moja, ikizidi ni kidogo, inategemea msomaji. Shusha mara moja, sikiliza mwaka mzima.

#4 BabaWaWatatu

Dada samahani nitakuwa mkali. Mtoto wa miaka 7 anaambiwa ulimi umekatwa, mtu anatembea juu ya visu, halafu usiku, umeme hakuna? Halafu mnashangaa hajalala? Na hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Huyo mwandishi kaona hadithi imemshinda kuifunga, kawabebesha watoto mzigo. Mtoto akificha miwani, mtu anaongezewa adhabu mbinguni. Huo ni utishaji.

Kwenye kitabu ningeruka ukurasa. Sauti huwezi kuiruka, na hapo ndipo mzazi unapotegwa. Kwangu nawasomea, nikifika pabaya nabuni. Kamuoa, wakazaa, tukalale.

#5 Mswahili_wa_Odense

Nimeona uzi huu nikaacha kula. Naishi Odense, Denmark, mwaka wa 9 sasa, na huu ndio mji aliozaliwa Andersen, tarehe 2 Aprili 1805. Huku hukwepi jina lake, liko mpaka mitaani.

FundiCherehani, hii itakufurahisha. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake mfua nguo. Baba alipofariki, mama akataka kijana akajifunze ushonaji awe fundi wa nguo. Akagoma. Mwaka 1819, ana miaka 14, akaenda Copenhagen kutafuta maisha ya jukwaani. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, ndiyo iliyomfungulia milango, wakubwa wa ukumbi wa Kifalme wakamchukua kumfundisha. Kisha sauti ikavunjika ya ubalehe, na ile milango ikafungwa. Alibaki na mwili mrefu usiojua kucheza na sauti isiyoimba. Sasa soma tena habari ya binti aliyetoa sauti yake apate miguu, akabaki anacheza mbele ya watu kila hatua inamuuma. Mimi siungi kamba, nasema tu.

Hadithi ilitoka Aprili 1837, kwenye kijitabu kimoja na ile ya mfalme na nguo zake mpya. Kijitabu kiliitwa kwa Kidenmaki kitu kama "Ngano, zilizosimuliwa kwa watoto". Zilizosimuliwa, si zilizoandikwa. Aliandika kama mtu anavyoongea, na wahakiki wa wakati ule walimsema kwa hilo, eti Kidenmaki chake cha vitabuni kinafanana na cha barazani. Alikuwa anazisoma mwenyewe kwenye majumba ya watu, wakubwa na wadogo pamoja. Kwa hiyo mkisikiliza badala ya kusoma, hamjaharibu kitu. Mmeirudisha kwao.

BabaWaWatatu, na hili lako pia alilijua. Miaka ya 1840 alipotoa mfululizo mpya, yale maneno "kwa watoto" aliyaondoa kwenye jina. Alitaka mtoto ashike kisa, na mzazi aliyekaa pembeni apate chake cha kufikiria. Mama wa Pangani na mjukuu kwenye mkeka mmoja, ndio watu aliowaandikia.

Jumba lake la makumbusho hapa lilifunguliwa upya 2021, limechorwa na Mjapani Kengo Kuma. Ukiingia unavishwa vipokea sauti, ukisogea mahali sauti nayo inabadilika, hadithi zinakufuata sikioni. Sanamu yake yule binti haiko huku, iko Copenhagen, imekaa juu ya jiwe ukingoni tangu 1913. Wageni wakiiona wanauliza "ndiyo hii tu?" maana urefu wake ni mita moja na robo. Watu wabaya waliwahi kuikata kichwa mwaka 1964 na kutokomea nacho, ikabidi itengenezewe kingine.

#6 KajambaNani

Kichwa cha sanamu wanaiba ili wakifanye nini sasa 😂 Ulaya nako kuna mambo.

#7 Bi_Mkubwa_wa_Malindi

Assalam aleikum. Mimi wa Unguja, Malindi hii ya Mjini msinichanganye na ya Kenya.

La kwanza, mnamwita nguva. Nguva ni mnyama, anakula majani ya baharini, ananyonyesha mwanawe, ana masharubu. Babu zetu wavuvi walimjua, leo humwoni. Waliobaki wanasemwa wapo huko Rufiji, Mafia na Kilwa, na wachache kwelikweli. Huyo wa kwenye hadithi ni mtoto wa watu ana mkia wa samaki. Mkisema nguva mimi naona masharubu, na mapenzi yananitoka.

La pili ni la huyo baba anayebuni harusi. Mwanangu, nani kakwambia hadithi zetu zilikuwa za sukari? Ngoja nikutilie moja. Sultani Darai unaijua? Iliandikwa na Askofu Steere hapa Unguja, akaichapa 1870 pamoja na nyingine alizosimuliwa na watu wa hapahapa. Maskini mmoja anapekua jaani kama kuku, akaokota thumni, akanunua paa. Yule paa akamfanyia mambo: kaokota almasi kampelekea Sultani, kasema bwana wangu ndiye aliyeileta, kamposea mtoto wa Sultani, kaenda kamuua nyoka wa vichwa saba, kampatia na jumba la yule nyoka. Wazungu wanayo ya paka aliyevaa viatu, Perrault wa Ufaransa kaiandika 1697, ni ileile kasoro mwisho. Ya paka inaisha vizuri. Ya kwetu, paa anaugua, na bwana aliyenyanyuliwa kutoka jaani anasema mpikieni uji wa mtama, tena kwa dharau. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Bwana akalala akaota yuko jaani anapekua. Kuamka, yuko jaani anapekua.

Hiyo nimesimuliwa nina miaka sita. Nililia. Bibi yangu hakubadilisha hata nukta. Alininyamazisha, akanipa kipande cha kashata, na siku ya pili mimi mwenyewe nikamwomba airudie.

#8 MtuWaKisauni

Nawaskiza tu hapa. Mie ni wa Kisauni, Mombasa. Nataka kusema habari ya sauti yenyewe, maana nyote mwazungumza kisa.

Hiyo hadithi mie nshaiskiza na wasomaji watatu mbalimbali, maana pale yapatikana imesomwa mara nyingi. Wa kwanza mwanamume, asoma kama taarifa ya habari. Kisu, nywele, harusi, yote sauti moja. Wa pili aigiza mno, mchawi akisema yeye apiga kelele kama mwenye maruhani, nikamzima. Wa tatu mama mtu mzima, asoma polepole, na akifika pale binti alipoulizwa na mwana wa mfalme "wewe ni nani?", akanyamaza kidogo. Kidogo tu, kama mtu ameza mate. Maana yule binti hawezi kujibu. Kimya kile hakikuandikwa popote kitabuni. Mie nlikuwa matatuni, stegi yangu ikanipita.

Siku hizi kuna sauti za mashine, mwaweka maandishi yajisoma. Matamshi ni safi, hata pumzi wazitia za uongo. Lakini hiyo mashine haijui ni wapi pa kumeza mate.

#9 BabaWaWatatu

Bi Mkubwa nimekusoma, shikamoo. Ila tofauti ipo. Bibi yako alikuwepo. Ulilia akakupa kashata. Simu ingekupa nini? Ingeingia hadithi inayofuata.

#10 Bi_Mkubwa_wa_Malindi

Marahaba. Hapo umesema kweli, na ndiyo maana huyu dada aliiweka ndani ya sufuria akawa anaisimamisha. Angempa mtoto vile vya kuchomeka masikioni akamwacha chumbani peke yake, ningekuwa upande wako.

#11 Mtoto_wa_Ziwa

Jambo benyewe. Mimi niko Goma, munanisamehe Kiswahili yetu ya huku. Kwetu courant (umeme) ikikatika, ni kila siku hiyo, batoto banakuja kwa baba mukubwa anabatolea hadithi. Sasa niliweka hii ya Andersen mu Kifaransa, kwa baba mukubwa asikilize. Alisikiliza yote, hakusema kitu. Kesho yake nikasikia anaitolea batoto. Lakini sasa ile bahari imekuwa Ziwa Kivu, na yule mchawi anakaa chini ya methane, ile gaz ya mu ziwa. Binti hakukatwa ulimi, alilipa sauti yake kama deni. Na mwisho hakugeuka hewa, anageuka ule ukungu wa asubuhi juu ya maji. Batoto banasalimia ule ukungu sasa wakienda kuchota maji. Niliona vizuri nibaambie.

#12 FundiCherehani

Mtoto_wa_Ziwa umenitoa machozi na nipo kwenye vifungo. Ukungu wa asubuhi!

#13 Mitambo_FM

Wakuu nimechelewa. Nafanya kazi redio ya jamii, chumba cha kurekodia. Naona mtoa mada kauliza kurekodi kwa Kiswahili na hakuna aliyemjibu, mmeenda kwenye paa na almasi.

Sheria kwanza. Andersen kafariki 1875, kazi yake haina mwenyewe tena. Tahadhari ni kwenye tafsiri: mtu akitafsiri leo, tafsiri ni yake. Ukichukua kitabu cha Kiswahili cha dukani ukakisoma kwenye simu ukakirusha, umeingia matatani. Tafsiri mwenyewe kutoka kwenye Kiingereza cha zamani cha karne ya 19, hapo uko huru. Katuni usiiguse kabisa, wala majina ya kwenye katuni. Kwenye hadithi yenyewe binti hana jina.

Sasa sauti. Simu yako inatosha. Adui ni ukuta mtupu na bati, vinarudisha sauti kama uko bafuni. Wewe una bahati, una vitambaa. Kaa katikati ya majora ya sare, jifunike na kanga nzito au blanketi kichwani pamoja na simu. Utatoka jasho, ndiyo kazi yenyewe. Zima feni, zima friji. Kabla hujasema neno, rekodi kimya cha chumba kama sekunde tano. Ukija kusafisha kelele kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, ile kimya ndiyo inaifundisha programu kelele za chumba chako ni zipi.

Ukikosea, usianze upya. Piga makofi mara moja, rudia sentensi. Kwenye mchoro wa sauti kofi linaonekana kama mwiba, unajua pa kukata. Kunywa maji ya uvuguvugu. Chai ya maziwa hapana, mdomo utalia kama ndala mbichi.

Na Kiswahili kina shida yake moja. Herufi P. Zinapuliza. Sasa wewe hadithi yako itafunguliwa na nini? "Paukwa! Pakawa!" Hiyo ni kama umepulizia maikrofoni mara mbili makusudi. Vuta soksi safi juu ya simu, na usisemee mbele yake, semea pembeni kidogo.

#14 KajambaNani

Soksi SAFI. Amesisitiza. Anatujua.

#15 FundiCherehani

Wakuu mrejesho. Jumapili tulijaribu.

Nimetafsiri wiki nzima kwenye daftari la vipimo, upande mmoja viuno na mabega ya watoto wa watu, upande mwingine mfalme wa bahari. Neno lililonitesa si nguva, Bi Mkubwa, huyo nimemwita binti wa baharini nikanusurika. Lililonitesa ni roho. Kiingereza kinasema binadamu ana roho isiyokufa, wale wa baharini hawana, wao wanaishi miaka 300 kisha wanakuwa povu. Nikamsomea mama. Akasema, "Haiwezekani, kila kilicho hai kina roho, hata kuku." Tumebishana siku mbili. Mwisho tumeandika kwamba binadamu akifa roho yake "ina pa kwenda". Mama karidhika. Kuku naye kabaki salama.

Kurekodi tulikaa chini ya meza ya kukatia, majora matatu kila upande, soksi ya Z juu ya simu. Mama akasema hasomi mtu bila yeye kuitikia. Nikamweleza vitabu vya sauti haviwi hivyo, ni sauti moja. Akasema, "Basi mimi niko wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nasema "Paukwa", yeye anasema "Pakawa", na kila nikishusha pumzi kuna "naam" yake pembeni. Z kapewa kazi ya kunyamaza. Aliiweza dakika 11.

Makosa yapo. Dakika ya 4 bodaboda. Dakika ya 9 jirani anamwita mtu anayeitwa Shedi, nadhani hadi leo hajaja. P zangu bado zinalia licha ya soksi.

Tumefika pale dhoruba imevunja meli, binti kamwogelea mwana wa mfalme usiku kucha, kamlaza mchangani, kajificha nyuma ya mawe na mapovu kichwani anangoja nani atakuja. Akaja msichana mwingine, akamkuta, akaita watu. Mwana wa mfalme akazinduka, akawachekea wote waliomzunguka. Yule wa baharini hakumchekea, hajui hata kama yupo.

Hapo nilishusha pumzi nikingoja "naam". Haikuja. Badala yake mama akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Yarabi. Kaonekana mwingine."

Na P hazikulia hata moja. Nikate au nisikate?

#16 Mitambo_FM

Ukikata naja mwenyewe kukunyang'anya hiyo simu.

#17 MtuWaKisauni

Usikate! Hiyo ndiyo ile ya kumeza mate. Tuwekee tuskize.

#18 BabaWaWatatu

Weka. Nitawasikilizisha wangu. Lakini nitakuwa nimekaa hapohapo na kidole kwenye kitufe. Na mwisho wake ukifika, yale ya mtoto mtukutu kuongeza siku, mmeamuaje?

#19 FundiCherehani

Hatujafika, lakini Z kashaamua. Anasema ile ya kupunguza mwaka ibaki, ile ya kuongeza siku itoke, "kwa sababu Bibi miwani aliiona palepale, nilikuwa nimeikalia."

Jicho la kushoto la mama ni Alhamisi. Daktari kasema baada ya hapo asiiname wala asilie siku kadhaa, kwa hiyo sehemu ya ulimi na visu tunasogeza wiki ya pili. Sehemu ya kwanza naituma hapa usiku huu nikimaliza vifungo vya sare 12 zilizobaki, kama umeme utakatika. Ukiwepo jirani anafungulia muziki.